Gumbo na jambalaya ya watu 40 kwenye sigiri: ruu chungu, bamia zinavuta, wali bokoboko

Mpishi_Ntinda
Habari za jioni, wapishi. Mwisho wa mwezi kuna sherehe ya familia Entebbe, watu 40, na wenyeji wameomba vyakula vya Louisiana, Marekani: gumbo (mchuzi mzito) ya kuku na soseji, pamoja na jambalaya (wali unaopikwa pamoja na nyama). Nina sigiri mbili kubwa za mkaa na sufuria za alumini za lita 20. Karibu nusu ya wageni ni Waislamu, kwa hiyo nguruwe haingii kabisa. Kwenye jaribio dogo, ruu (unga uliokaangwa kwenye mafuta) ilitoka chungu, bamia zikavuta kama gundi, na wali wa jambalaya (mchele wa Kaiso) ukawa bokoboko. Naombeni vipimo, na mnieleze kosa liko wapi. Je, nyanya zinaingia kwenye gumbo?

Mwiko_Mrefu
Ndugu, tuanze na ruu, maana ikiharibika hiyo hakuna kiungo kitakachoiokoa gumbo. Kwa lita 10 hivi weka vikombe 3 vya mafuta ya alizeti na vikombe 3 vya unga wa ngano mweupe (kikombe cha mililita 250). Siagi usiitumie: chembe za maziwa zilizomo huungua kabla unga haujakolea rangi.

Uchungu unatokana na moto. Mkaa mpya unawaka kwa nguvu, na alumini nyembamba inapitisha joto lote mahali pamoja. Subiri makaa yafunikwe na majivu meupe, yatandaze, kisha koroga kwa mwiko wenye ncha bapa unaokwangua sakafu ya sufuria na zile kona zake. Usiondoke hata kufungua mlango. Rangi itaanza kama mchanga, iwe kama siagi ya karanga, halafu shaba, na mwisho kama chokoleti. Tenga dakika 40 hadi 50. Ukiona vidoa vyeusi vinaelea, mwaga yote uanze upya. Hata ukiongeza supu, ule uchungu utabaki.

Vitunguu kilo 1.5, pilipili hoho za kijani gramu 750 na seleri gramu 750 viwe vimekatwa tayari kabla hujawasha moto. Ruu ikifika rangi, vimimine humo mara moja: maji yake ndiyo yanayozuia unga kuendelea kuungua. Simama mbali kidogo, ruu ikikurukia inashika ngozi kama lami. Baada ya dakika 8 weka kitunguu saumu, thaimu, pilipili manga na pilipili ya unga, kisha supu ya kuku yenye uvuguvugu, lita 8, upawa kwa upawa mwanzoni. Ichemke polepole saa nzima huku ukiengua mafuta yanayopanda juu.

Kuku 4 wa kisasa wanatosha, wakaangwe kwanza na waingie dakika 45 za mwisho. Wa kienyeji wachemshe mbali hadi walainike. Supu yao ndiyo bora kuliko zote.

Sangara_Jinja
Naongezea ya bamia. Ruu ikishakuwa nyeusi, nguvu yake ya kufanya mchuzi uwe mzito inapungua sana, ndiyo maana bamia zinahitajika. Neno gumbo lenyewe hunasibishwa na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola, kingombo, kwa hiyo hiki si chakula kigeni sana kwetu.

Kilo 1 inatosha. Osha bamia zikiwa nzima, zikaushe kwa kitambaa, ndipo uzikate. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, utelezi wote umeshauita. Zikaange kwenye kikaango kipana, kidogo kidogo, hadi zile nyuzi zikatike na kingo ziwe kahawia, kama dakika 15, na kijiko cha siki. Zikirundikana zinajipika kwa mvuke wake na kuvuta zaidi. Zitie kwenye gumbo nusu saa kabla ya kuipua.

Soseji laini za ng'ombe za dukani zinapasuka zikichemka muda mrefu, na hazina moshi. Chagua za halali zenye nyama iliyosagwa kwa chembe kubwa, kilo 2. Zifukize saa moja kwenye sigiri iliyofunikwa, makaa machache na vipande vya mti wa mpera, kisha zikaange na uzitie dakika 20 za mwisho.

Nyanya? Wakrioli wa New Orleans wengi huziweka. Wakajuni, uzao wa Wafaransa waliofukuzwa Akadia (mashariki mwa Kanada ya leo) kuanzia 1755, kwa kawaida hawaziweki. Kwa gumbo yako ya kuku mimi ningeziacha. Asidi yake inaificha ladha ya ruu uliyoihangaikia karibu saa nzima.

Bi_Masala
Dada au kaka, kosa lako la jambalaya ni mchele. Kaiso ni mtamu lakini unashikana. Tafuta mchele mrefu ule uliochemshwa kabla ya kukobolewa, wa rangi ya njano kidogo, kilo 3.

Kaanga kwanza nyama ya kuku isiyo na mifupa kilo 3 na soseji kilo 1.5, mpaka chini ya sufuria pashike ukahawia. Hapo ndipo rangi ya jambalaya ya Kikajuni inapotoka. Tia vitunguu, hoho na seleri, kwangua ule ukahawia, weka supu lita 6, onja: iwe na chumvi kupita unavyopenda, kwa sababu mchele utaimeza. Ikichemka tia mchele, koroga mara moja tu, funika, ondoa zaidi ya nusu ya makaa chini na mengine yaweke juu ya kifuniko. Dakika 25 bila kufunua. Hapa Kampala na Entebbe maji yanachemkia karibu nyuzi 96, kwa hiyo ongeza dakika 5 kabla ya kusema haujaiva. Geuza kwa mwiko kutoka chini, usisonge.

Mpishi_Ntinda
Nimeelewa, asanteni sana. Naweza kupika gumbo siku moja kabla?

Mwiko_Mrefu
Ndiyo, na inakuwa tamu zaidi, ila usiiache kwenye sufuria kubwa usiku kucha. Katikati yake hubaki vuguvugu kwa masaa mengi, na huko ndiko inakochachia. Igawe kwenye mabakuli mapana yasiyozidi kina cha sentimita 5, yaweke kwenye beseni la maji yenye barafu, na ndani ya saa 2 yawe frijini. Kesho yake itakuwa nzito, ongeza supu lita 1 na uichemshe kabisa. Ukitaka kamba, watie baada ya hapo, dakika 4 tu.