Laki tatu na nusu: nichezeshe droo ya zawadi, nibusti, au niposti tu kwa mpangilio?

Mwana_Udi (mwanzisha mada)
Wakuu habari za jioni. Nina biashara ndogo, nataka ukurasa wangu wa Instagram ukue kabla ya Ramadhani. Nimetenga laki tatu na nusu. Naona wengine wanagawa zawadi na wafuasi wanajaa ndani ya wiki, wengine wanasema busti, yaani uilipe Instagram iionyeshe posti yako kwa watu wengi zaidi, wengine wanasema posti kila siku bila kuchoka utafika tu. Nishike lipi? Hela ni hiyo hiyo, haina nyongeza.

Fundi_Takwimu
Mkuu, biashara ndogo ya nini? Una wafuasi wangapi sasa hivi? Wateja wako ni wa Dar tu au na mikoani? Bidhaa yako inauzwa kuanzia bei gani? Usiposema hayo tutabaki kupiga ramli.

KakaBando
Laki tatu na nusu nunua wafuasi elfu ishirini, ukurasa uonekane mkubwa, wateja waamini. Mengine mbwembwe tu.

Fundi_Takwimu
@KakaBando usimpoteze mwenzio. Posti ikitoka, Instagram huionyesha kwanza kwa watu wachache, wengi wao wafuasi, halafu inatazama: wanaiangalia mpaka mwisho au wanaipita? Wafuasi wa kununua hawaangalii kitu, kwa hiyo posti inafia mlangoni. Na kila Instagram ikifagia akaunti bandia, idadi inashuka mchana kweupe. Mteja naye ana macho: wafuasi elfu ishirini, laiki saba, mbili kati ya hizo za shangazi yako.

Mwana_Udi
Samahani jamani, nilikuwa na haraka. Kwanza mimi ni dada 😄. Nauza udi wa kuchoma, udi wa sukari, mafumba na vyetezo, niko Magomeni. Wafuasi 870. Wateja wengi wa Dar, wachache Tanga na Unguja. Kijaluba cha udi 15,000, seti ya chetezo na udi 45,000. Kuposti naposti nikipata nafasi, kuna wiki inapita kavu.

Pwani_Masoko
Sasa tunaongea. Dada, droo inakufaa, ila zawadi iwe UDI. Isiwe simu, isiwe hela, isiwe vocha. Simu inatakiwa na kila mtu. Chetezo na udi anavitaka mchomaji udi, na huyo ndiye mteja wako. Fanya hivi:

Weka seti tatu. Kwa bei ya dukani ni 135,000, lakini kwako zinakugharimu bei ya kununulia tu. Washindi watatu ni bora kuliko mmoja wa zawadi kubwa, kwa sababu mtu akiona nafasi ni finyu hahangaiki.

Muda siku 5 hadi 7. Ukivuta wiki mbili watu wanasahau, na wewe utachoka kukumbusha.

Sharti la kuingia: afolo ukurasa, ajibu swali moja kwenye komenti. Swali liwe la bidhaa, mfano "Nyumbani kwenu udi unachomwa siku gani?" Majibu hayo utayafanyia posti za mwezi mzima. Habari ya "tagi marafiki watano" achana nayo, inaleta watu waliotajwa kwa lazima. Na ukiiweka Facebook pia, kule kanuni zao zinakataza kabisa kutumia ukuta wa mtu au marafiki zake kama sharti la kushiriki.

Siku ya mwisho nenda laivu, chagua mbele ya watu.

Fundi_Takwimu
Nakubali yote isipokuwa laivu. Ana wafuasi 870. Tangu Agosti 2025 Instagram inataka akaunti ya wazi yenye wafuasi 1,000 na zaidi ndipo ikuruhusu kwenda laivu. Asije akaitangaza halafu saa ikifika kitufe hakipo, wataanza kumwita tapeli. Njia salama ni kurekodi kioo cha simu. Orodhesha majina kwenye jedwali, jina moja mara moja hata kama mtu ameandika komenti kumi, yape namba, kisha tumia programu ya kuchagua namba kwa bahati. Rekodi mfululizo bila kukata, kuanzia orodha inavyopitishwa kwa kidole mpaka namba inatoka. Video ikionekana imekatwa katikati, usemi hautaisha.

Na masharti yaandikwe kwenye maelezo ya posti yenyewe. Hivi vinatosha: tarehe na saa ya kufunga, nani anaruhusiwa (umri, mikoa mnayotuma), mshindi atatangazwa wapi, ana saa 48 za kujitokeza la sivyo tunachagua mwingine, nani analipia usafiri. Kisha sentensi ambayo Instagram wenyewe wanaitaka: "Shindano hili halidhaminiwi, haliendeshwi wala halihusiani na Instagram, na kila mshiriki anaiondolea Instagram dhima yoyote."

Nuru_wa_Picha
Mimi naona mnamkimbiza. Mtu anaposti anavyojisikia, leo mnampa droo? Hao wageni wakija watakuta nini? Posti ya mwisho ya miezi miwili iliyopita na bango la "Eid Mubarak". Nyumba ipigwe deki kwanza ndipo wageni waalikwe.

Dada, una bidhaa ambayo wauza nguo wangeililia: MOSHI. Lakini moshi wa udi haupigiki ovyo. Ukiupiga mbele ya ukuta mweupe hauonekani. Tandika nyuma kitambaa cheusi au kanga ya rangi nzito, mita moja hivi kutoka kwenye chetezo ili mwanga usikiangukie. Mwanga utoke pembeni kidogo kwa nyuma ya moshi, dirisha la asubuhi linatosha. Zima feni, funga mlango, moshi upande wenyewe. Futa lenzi, tumia kamera ya nyuma, gusa kioo na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, halafu ushushe kidogo. Usiposhusha, simu itang'arisha kile kitambaa cheusi kiwe kijivu na moshi utapotea.

Piga wima, pikseli 1080 kwa 1920. Sekunde 15 hadi 25. Sekunde mbili za kwanza zisiwe nembo wala "karibuni sana", ziwe kipande cha udi kinagusa kaa la moto. Maandishi yakae katikati, kwa sababu chini yanafunikwa na maelezo na kulia na vitufe.

Mwana_Udi
Dada Nuru hili la kitambaa cheusi sikulijua, ahsante. Mimi huwa napiga dukani kwenye shelfu nyeupe 🙈. Niposti mara ngapi?

Nuru_wa_Picha
Video tatu kwa wiki na stori kila siku. Piga zote Jumamosi moja, kisha uzipangie siku. Ukiahidi kila siku utafika Alhamisi umechoka. Mada hazikosi: udi wa sukari unavyoonekana ukivunjwa, tofauti ya kaa la kifuu na lile kaa la vidonge la dukani, jinsi ya kufukiza nguo bila kuziunguza, mafumba yanavyopakwa. Ile ya kufukiza nguo ndiyo watu watatumiana.

Fundi_Takwimu
Na kutumiana ndiko kunakoleta wageni. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alisema Januari 2025 kwamba vitu vitatu vikubwa ni muda wa kuangalia, laiki na kutumiana, na kwamba kutumiana kuna uzito zaidi katika kuwafikia wasiokufolo. Kwa hiyo ukifungua takwimu za posti usiishie kwenye laiki. Chukua waliotumiana, gawa kwa waliofikiwa. Video yenye uwiano mkubwa ndiyo ya kurudia kwa sura nyingine.

Binti_Mbaraki
Hapa Mombasa wauza udi wengi wanashinda TikTok. Mbona hamtaji TikTok?

Nuru_wa_Picha
Video ile ile aipeleke na huko, ila asiipakue kutoka Instagram ikiwa na alama yao. Ahifadhi ile safi ya mwanzo. Na akiwa na akaunti ya biashara Instagram haimpi nyimbo zote, asishangae wimbo unaovuma kuukosa. Sauti ya kaa linavyolia inatosha, tena ni yake mwenyewe.

Mzee_wa_Mzigo
Kabla hamjamjaza upepo wa droo, mueleweni upande wa pili. Kuna ukurasa wa nguo za watoto, sitautaja, ulitoa simu. Masharti: folo, tagi watatu, weka kwenye stori. Wafuasi walimiminika kweli. Siku mbili kabla ya droo ikazuka akaunti yenye picha ile ile na jina lile lile, tofauti ni mstari mmoja wa chini mwishoni. Ikapitia komenti moja moja: "Hongera umeshinda, tuma 20,000 ya usafiri wa mzigo kwa namba hii." Walioamini hawakuwa wachache, maana kila mmoja alikuwa ameshiriki kweli. Waliolizwa hawakwenda kwenye ukurasa bandia kulalamika, walikuwa wameshazuiwa. Walikwenda kwenye ukurasa halisi: matusi kwenye kila posti, wengine wakauripoti kuwa ni wa kitapeli. Mwenyewe akafunga komenti, ikaonekana ndiyo kweli kaiba.

Droo yenyewe ikafanyika, mshindi kijana wa chuo asiye na mtoto. Kilichofuata ndicho kibaya zaidi. Wawinda zawadi wengine wakajitoa, wengine wakabaki bila kuangalia tena. Posti ya gauni la mtoto ikawa inaonyeshwa kwa watu wasiojali magauni, inapitwa, haiendi mbali. Hata wateja wa zamani wakaacha kuziona. Ukurasa ukawa na wafuasi wengi kuliko mwanzo na oda chache kuliko mwanzo.

Pwani_Masoko
Kosa lilikuwa simu, nimeshalisema. Na utapeli unazuilika. Kwenye bango lenyewe, siyo kwenye maelezo tu, andika: "HATUOMBI HELA YOYOTE. Mshindi anatangazwa kwenye ukurasa huu tu." Irudie kwenye stori kila siku na kwenye wasifu. Jioni tafuta jina la duka lako kwenye Instagram uone kama pacha amezaliwa, umripoti kwa kuiga akaunti, na uwaombe wateja kama kumi wamripoti pia. Usafiri ulipe wewe. Mzigo mdogo kwa basi mpaka Tanga haukutoi jasho, na unaikata kabisa ile habari ya "tuma hela ya usafiri".

Ustadhi_Mdogo
Dada, wateja wako wengi ni Waislamu na unalenga Ramadhani. Usithubutu kuweka "nunua ndipo ushiriki". Mtu anayetoa hela ili apate nafasi ya kushinda anaingia kwenye kamari. Asipotoa chochote, basi ni zawadi tu.

KakaBando
Kwani folo siyo malipo? Bando langu linaliwa.

Ustadhi_Mdogo
Bando lako unaliunguza hapa bure kila siku, hujawahi kudai.

Binti_Mbaraki
😂😂 Lakini Ustadhi, kama nanunua udi kwa bei yake ya kila siku, nilikuwa nauhitaji, halafu napewa tiketi juu yake? Nimewasikia masheikh wakihitilafiana hapo.

Ustadhi_Mdogo
Wanahitilafiana, ndiyo maana nikasema aliepuke. Akae pasipo na shaka.

Fundi_Takwimu
Fatwa tuwaachie wenyewe, ila kuna ya serikali pia. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi yake. Kampuni zikichezesha droo za promosheni mnamuona afisa wa Bodi amekaa pale, hakwenda kunywa soda. Dada awapigie Bodi aulize kuhusu droo ya ukubwa wake kabla hajaposti bango. Au aiondoe bahati kabisa: mshindi apatikane kwa jibu bora, vigezo viandikwe mapema, waamuzi wawili. Hapo linakuwa shindano la kujibu, siyo la kubahatisha.

Pwani_Masoko
Jibu bora ndilo linaleta ugomvi. "Mmempa ndugu yenu." Namba ya kompyuta haina ndugu.

Mzee_wa_Mzigo
Namba ya kompyuta nayo wanasema umepika. Mbongo hajawahi kukubali matokeo.

Mwana_Udi
Sasa nimechanganyikiwa zaidi 😅. Na kubusti je?

Fundi_Takwimu
Usibusti bango, wala posti ambayo haijajionyesha. Subiri video moja itembee yenyewe, hiyo ndiyo uitie hela. Lengo chagua ujumbe, siyo kutembelea wasifu, kwa sababu unataka mtu anayeuliza udi. Eneo chora Dar na Unguja, usiache "Tanzania nzima". Anza na 10,000 kwa siku kwa siku tano, halafu hesabu: oda ngapi zimetoka humo? Kila mteja mpya muulize "umetujulia wapi" na uandike kwenye daftari, takwimu za simu hazitakwambia hilo. Ukiwa na iPhone, lipia kupitia kivinjari, maana ukibusti ndani ya programu Apple nayo inaongeza asilimia 30 yake.

Na ukichezesha droo, andika idadi ya wafuasi siku moja kabla, siku ya kufunga, na siku 30 baadaye. Namba ya tatu ndiyo yako.

Nuru_wa_Picha
Mgawanyo wangu: stendi ya simu na kitambaa kwanza, wiki sita za video, wafuasi wavuke 1,000, ndipo droo ndogo ya seti mbili wiki ya mwisho ya Shaabani. Busti kwa kinachobaki.

Pwani_Masoko
Wiki sita Ramadhani itakuwa imeshapiga hodi. Mimi ningeanza droo leo, video zifuate.

Binti_Mbaraki
@Mwana_Udi nimeona hujasema unatuma Mombasa au la. Na kwenye ukurasa wako unaandika bei?

Mwana_Udi
Mombasa bado, natafuta njia. Bei huwa naandika "njoo inboksi", kwa sababu washindani wananichungulia.

Mzee_wa_Mzigo
Ndiyo hapo sasa! Mnajadili droo kumbe mtu anaficha bei.

KakaBando
Leo nakuunga mkono mzee. "Bei inboksi" mimi napita tu.

Nuru_wa_Picha
Kuna faida yake lakini, ujumbe ukiwa mwingi unapata nafasi ya kumshawishi mtu.

Mzee_wa_Mzigo
Unamshawishi wa kumi, tisa wameshanunua kwa jirani aliyeandika 15,000. Washindani wako bei wanaijua, wanamtuma mtoto dukani kuuliza.

Binti_Mbaraki
Dada, hicho kijaluba cha 15,000 ni gramu ngapi, na ni udi wa sukari au wa vipande?