Naomba ushauri: kukaa bila kazi kumeanza kunilemea moyoni

Habari zenu, ndugu zangu. Niko Malaba upande wa Uganda, nina miaka 38, baba wa watoto watatu. Nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani, wakapunguza watu tangu mwaka jana.

Njaa si shida kubwa. Mama watoto anauza nyanya sokoni, tunakula. Shida ni kichwa. Asubuhi napiga pasi shati, natoka kama naenda kazini, kisha nakaa penye foleni ya malori hadi saa kumi jioni, ili watoto wasiulize. Usingizi umekata. Simu ya rafiki ikilia naigeuza kifudifudi. Na mke akiniachia elfu mbili mezani, vizuri tu, bila neno, nakasirika!

Maombi ya kazi nimetuma hadi Tororo na Busia. Akiba ya NSSF bado siwezi kuigusa, kwani sheria ya 2022 inaruhusu asilimia 20 kwa waliofikisha miaka 45. Mchungaji aliniombea, nikapata nafuu siku chache. Nasikia huzuni ikipita wiki mbili mfululizo inafaa kumwona mtaalamu, lakini Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala, ni mbali, na hapa mtu akisikia jina hilo anakuita kichaa.

Naomba kuuliza mawili: kuna aliyepata ushauri nasaha katika hospitali ya rufaa ya Mbale, na utaratibu ukoje? Pili, watoto niwaambieje?