Picha za Seydou Keïta: mtu anazisomaje mpaka zimsaidie?

Msasani_35mm:
Wakuu, habari za humu. Kila nikitafuta picha za kunipa mwanga naishia kwa Seydou Keïta, yule mpiga picha wa studio wa Bamako, Mali. Nimehifadhi nyingi kwenye simu, ila kuzitazama tu na kusema "kali sana" hakunifikishi popote. Nataka kupiga picha familia uani mchana, nyuma natundika kanga. Kamera ni kropu (kihisi chake ni kidogo), lenzi ni mm 35 na mm 50, taa sina. Mtu anazisomaje picha za mzee huyu bila kuishia kumuigiza? Na ule weusi wake mzito naupataje?

fundi_negatifu:
Mkuu, punguza kwanza. Chagua sita tu, uziprinti sentimita 13 kwa 18. Keïta alifungua studio mwaka 1948, na kamera yake kubwa ilitoa negatifu za kipimo hicho. Picha ya mteja ilisafishwa kwa kulaza negatifu moja kwa moja juu ya karatasi, bila kukuza. Kwenye simu unaona sura basi. Kwenye karatasi ya ukubwa ule mikono nayo inaanza kusema.

Shika kalamu, uandike juu ya kila picha:

Mwanga unatoka wapi? Tazama doa jeupe kwenye mboni, halafu upande kivuli cha pua kinakoangukia. Vikipingana, kuna mwanga wa pili, mara nyingi ukuta mweupe au sakafu inayorudisha jua.

Kamera ilikuwa kimo gani? Ukiona pa kukalia pa kiti kwa juu, lenzi ilikuwa juu zaidi ya hapo. Ukiona sana chini ya kidevu, ilikuwa chini ya uso.

Mabega yanaelekea wapi, na uso je? Kwake mabega mara nyingi yamegeuzwa kidogo, uso ndio unakurudia. Wengi wanaruka hapa, halafu wanashangaa mbona picha zao zinafanana na za kitambulisho.

Mikono inafanya nini? Chukua ile ya mwaka 1959 ya kijana mwenye suti nyeupe, miwani, na kalamu mfukoni, ameshika ua moja. Ziba ua kwa kidole gumba uone picha inavyopoa. Lile ua limeupa mkono kazi. Redio, saa, hata pikipiki ya Vespa vilikuwa pale studio kwa sababu hiyohiyo, na kwa sababu mteja alitaka aonekane mtu wa mjini.

Ukimaliza, chukua uamuzi mmoja tu uende nao uani: leo mikono, kesho kimo cha kamera. Ukibeba vyote siku moja utapata igizo. Na kila mtu mpige mara moja tu. Keïta kwa kawaida hakurudia, filamu ilikuwa ghali. Ukijua huna nafasi ya pili, utarekebisha kola kabla ya kubonyeza.

BintiMakunganya:
Niongeze upande wa kitambaa, maana hapo ndipo penye utamu wenyewe. Kwa Keïta, nguo ya mteja na kitambaa cha nyuma vinashindana mpaka mtu anakaribia kumezwa, halafu uso unamtoa. Pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda lenye matamvua, akabadilisha kila baada ya miaka michache. Baadaye akawa anatambua umri wa picha kwa pazia lililopo.

Sasa hesabu. Kanga moja ni takriban sm 150 kwa 110, kwa hiyo doti moja ukiishona moja juu ya nyingine inakupa kimo cha m 2.2. Kwa mtu aliyeketi inatosha: lenzi ya 50, simama m 2.5. Kwa mtu mzima wima tumia 35 ukiwa m 3.3, na hapo ushone doti mbili ubavu kwa ubavu, la sivyo ukuta utachungulia pembeni. Weka tundu la lenzi f/5.6 mpaka f/8. Ukifungua f/1.8 na ile 50, sehemu kali (isiyo na ukungu) yote ni kama sm 18, maua ya kanga yanageuka uji na shindano lenyewe linakufa. Mtu akae nusu mita tu mbele ya kitambaa. Pindo la chini lipitishe ufito, upepo usilichezeshe.

Jina la kanga lifiche nyuma ya mtu au likunje. Maandishi yakionekana, mtazamaji anasoma kabla ya kutazama.

Na kabla ya kutundika, piga kanga na nguo za familia pamoja kwa simu, nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zinazogombana kwa macho huweza kutoka kijivu kimoja, na bega likapotelea ukutani.

Sanaa_Kijivu:
Kuhusu weusi mzito, nipingane kidogo na ombi lenyewe. Zile picha kubwa zenye weusi wa makaa unazoziona mtandaoni nyingi zinatokana na kopi zilizokuzwa Ulaya kwa ajili ya maonyesho, kuanzia miaka ya 1990. Picha ndogo alizochukua mteja Bamako zilikuwa laini zaidi. Ukikaza kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) unamfuata aliyeprinti, si Keïta. Anza na faili laini, kivuli cha shingo kionekane.

Pia usigande Bamako. Ukifika Unguja, pita Capital Art Studio pale Kenyatta Road, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha za Zanzibar ya zamani zipo, na karatasi ukiishika mkononi inakufundisha kijivu kuliko kioo chochote.

Msasani_35mm:
Shukrani sana. Moja la mwisho: mzee wa familia ninayempiga picha ni mweusi tii, amevaa kanzu nyeupe, yuko kivulini. Nikipima kanzu uso unazama, nikipima uso kanzu inaungua.

fundi_negatifu:
Pima mwanga usoni kwa nukta moja (kamera isome hapo tu), halafu shusha stopu moja, yaani nusu ya mwanga, kwa sababu kamera itataka kuugeuza uso kuwa kijivu cha kati. Kanzu itafika ukingoni bila kuvuka, ilimradi isiguswe na jua. Piga RAW (faili ghafi). Wakati wa kugeuza nyeusi na nyeupe, acha kitelezi cha rangi ya chungwa cha programu ya kuhariri mahali pake. Watu wanakipandisha "kung'arisha", ngozi inageuka majivu. Na kama uani kuna turubai la bluu, litoe: mwanga wake una upungufu wa nyekundu, ngozi inazidi kuwa nzito ukigeuza.