Skrini ya Toyota ina ramani ya Japani: nibadilishe redio, ninunue Garmin au simu inatosha?

Mchanjaji wa Kati

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu, maana jambo hili limeshanitia hasara na sitaki lijirudie.

Nafanya kazi ya dawa na chanjo za mifugo. Makao yangu ni Dodoma, wateja wangu wako Kondoa, Chemba, Kongwa mpaka Kiteto. Mwaka huu nimepata Toyota Rush ya 2010 iliyotoka Japani moja kwa moja. Ina ile skrini kubwa katikati ya dashibodi. Ilipofika ilikuwa inaonyesha ramani vizuri tu, ila ni miji na barabara za kwao. Fundi alipochomoa betri, skrini ikaleta maandishi ya Kijapani na haijatoka hapo mpaka leo. Nimeyapiga picha nikatafsiri kwa simu, inadai kadi ya SD ya ramani. Redio yake ya FM ilikuwa inaishia 90, na kila nikiwasha gari kuna sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kijapani.

Sasa hasara yenyewe. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na miadi ya kuchanja homa ya mapafu ya ng'ombe kijiji kimoja upande wa Kiteto. Nilipita Mbande, nikapita Kongwa, simu ikiwa kwenye kiti cha abiria inaniongoza. Baada ya lami kuisha mtandao ukapotea. Ramani ikawa kijivu tupu, kile kidoti cha bluu kikabaki peke yake katikati. Nikafika njia panda yenye mbuyu mkubwa, nikafuata kulia kwa sababu ndiko kulikuwa na alama nyingi za matairi. Nimeenda kilomita 27 ndipo mzee mmoja wa punda akaniambia nimeshaiacha njia. Nafika kijijini saa nane mchana. Wafugaji walikuwa wamezuia ng'ombe bomani tangu alfajiri, wakasubiri, wakachoka, wakawafungulia kwenda kunywa maji. Boma tupu. Barafu kwenye kasha imebaki maji, na chanjo ile haivumilii joto. Nilizitupa zote.

Fundi wangu anasema nitoe hiyo skrini aweke redio ya Android kwa laki tatu na nusu. Rafiki yangu ana Garmin, kile kifaa cha GPS cha kuongozea gari, iliyotumika anataka kuniuzia. Mdogo wangu anasema simu inatosha, tatizo sijui kuitumia. Nifuate lipi?

Fundi Redio Area D

Pole sana mkuu kwa chanjo.

Nianze na skrini maana kila wiki naletewa moja. Hiyo ni redio ya soko la ndani la Japani. Kadi inayoidai ni ya ramani ya Japani na si ya nchi nyingine yoyote, kwa hiyo hata mtu akikuuzia kadi na redio ikaamka, utapata Osaka, hutapata Kiteto. Atakayekuambia anaiwekea ramani ya Tanzania, usimpe hela. Ukiipata kadi sahihi utarudishiwa redio, kamera ya nyuma na CD, basi.

Kuhusu FM, Japani masafa yao yanaanzia 76 na redio nyingi za miaka hiyo zinaishia 90, sisi stesheni nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kidude kinaitwa ekspanda, kinachomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kinashusha masafa, mathalani 98.5 unaikuta kwenye 78.5. Ni kazi ya dakika chache.

Yule mama anayeongea ukiwasha gari ni mashine ya kulipia barabara za haraka za Japani, inakukumbusha hujaweka kadi. Tafuta kiboksi kidogo chini ya dashibodi au kwenye droo ya mbele, chomoa soketi yake. Hakina kazi yoyote huku.

Magari yao yana ramani kwa wingi kwa sababu mitaa mingi ya Japani haina majina, nyumba zinahesabiwa kwa vitalu, mgeni anapotea hata mjini. Honda walikuwa na kifaa cha kuongoza gari mwaka 1981, kabla satelaiti za GPS hazijaanza kumfaa raia. Mazda wakaweka cha GPS ndani ya gari mwaka 1990. Ni ufundi mzuri mno, ila ulitengenezwa kwa ajili ya nchi yao.

Karani wa Sensa

Kaka, mdogo wako yuko sahihi, ila hajakueleza sababu.

Soma tena ulichoandika. Ramani ilikuwa kijivu *lakini kidoti kilibaki*. Maana yake simu ilijua upo wapi muda wote! Kilichopotea ni picha ya ramani. Hivi ni vitu viwili na watu wengi wanavichanganya. Mahali ulipo simu inapapata kwa satelaiti, ambazo ziko kilomita zaidi ya 20,000 juu. Simu haiziongeleshi, inazisikiliza tu kama redio inavyosikiliza stesheni. Haili bando, haihitaji laini, haihitaji mnara. Ikisikia satelaiti nne inapiga hesabu yake. Ramani ndiyo iliyokuwa inashushwa kidogo kidogo kwa intaneti, na intaneti ilipokatika ikakatika nayo.

Hili nililiona kwa macho yangu kwenye sensa ya 2022. Tulikuwa na vishikwambi, tunapita vitongoji ambavyo hata ujumbe mfupi hautoki, na bado kishikwambi kinashika mahali nilipo.

Kwa hiyo dawa ni kuweka ramani ndani ya simu kabla hujatoka nyumbani. Kwenye Google Maps kuna sehemu ya kupakua ramani, unachora eneo lako unalihifadhi. Angalizo: zile zina muda wake, zikipitwa lazima zihuishwe, usije ukashtukia porini. Mimi napenda zaidi programu ya Organic Maps. Unapakua Tanzania mara moja na inakaa. Inatumia OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea, na vijijini mara nyingi nakuta imeshika vijia vya ng'ombe na makorongo ambayo Google haina. Mjini kinyume chake, kwa foleni na majina ya maduka Google iko mbele.

Jaribu leo hapo hapo Dodoma. Pakua, zima data kabisa, toka nje utembee. Usiache simu ndani ya nyumba ya bati. Kama hujatumia GPS siku nyingi, bila intaneti inaweza kuchukua dakika kadhaa kushika mara ya kwanza, kwa hiyo washa kabla hujaondoka na usivunjike moyo.

Mzee wa Tunduma

Vijana salamu. Mimi naendesha roli, Dar mpaka Lusaka, na nina Garmin.

Sifa zake nitazisema. Ramani iko ndani, kazi yake ni moja, hakuna mtu atakayekupigia katikati ya kona za Kitonga ukapoteza maelekezo. Jua likiwaka inavumilia kuliko simu. Nimeweka ramani ya Tracks4Africa, ina barabara za vumbi za nchi nyingi za huku.

Tatizo ni kuhuisha. Ya kwangu ilikuwa na ramani ya 2016 na sikuigusa. Flyover ya Mfugale pale Tazara ilifunguliwa 2018, ile ya Kijazi pale Ubungo 2021, yeye hajui kitu. Napanda juu ya daraja yeye ananiambia geuka kushoto. Mpaka kijana wangu alipoiunganisha na kompyuta ndipo ikaelewa. Kama hiyo ya rafiki yako ni ya zamani, muulize ramani ni ya mwaka gani na kama inakubali kuhuishwa, kabla ya kuuliza bei. Ikiwa imekuja na ramani ya Ulaya peke yake, mrudishie.

Bin Salim Maskati

Ndugu yangu, niseme neno kwa ajili ya zile za kwenye gari, zisionekane hazina maana. Huku Oman gari za soko la Ghuba zinakuja na ramani ya Ghuba na lugha unachagua. Ya kwangu iko hivyo na siiachi. Antena imewekwa na kiwanda mahali pake, na gari lenyewe linaiambia skrini magurudumu yamezunguka kiasi gani na usukani umegeuka upande gani. Ukipita handaki la chini ya uwanja wa ndege wa Dubai, simu inasimama au inarukia barabara nyengine, ya gari inaendelea kuhesabu mpaka unatoka. Hata baina ya majabali, mbingu ikiwa nyembamba, haibabaiki.

Lakini ramani mpya unalipia, na nchi ukishavuka mpaka wa ramani imekwisha. Ya kwako haijawahi kuwa ya kwenu. Usiitilie hela.

Mchanjaji wa Kati

Dada Karani, nimezima data nikazunguka Area C kwa miguu. Kidoti kinatembea! Miaka yote hii nilikuwa naamini bila bando hakuna GPS.

Swali: simu yangu inakufa chaji njiani hata ikiwa imechomekwa, na mchana inapata joto mpaka inafifia mwanga. Je, hapo redio ya Android si bora?

Fundi Redio Area D

Redio ya Android nauza, lakini nitakuambia ukweli. Kwa ramani ni simu ile ile yenye kioo kikubwa. Bila ramani zilizopakuliwa utapata kijivu kile kile. Zile za bei ya chini zina RAM ya 1GB, unasubiri ramani ifunguke mpaka umeshaipita njia panda. Na antena yake ya GPS fundi mvivu anaitupa nyuma ya dashibodi kwenye mavyuma, halafu mteja anarudi analalamika gari linaonekana liko shambani. Antena ikae juu ya dashibodi karibu na kioo, iione mbingu. Ukiamua kuweka siku moja, mwambie fundi atumie soketi za Toyota, ile ya pini 10 na ya pini 6. Asikate waya hata mmoja. Nimeshaletewa magari ambayo waya zimekatwa na kufungwa na plastiki, zikaunguza fyuzi usiku njiani.

Kuhusu chaji, ramani na kioo kinachowaka muda wote vinakula umeme sana. Chaja ndogo ya kwenye kiberiti inatoa kidogo kuliko simu inavyokula, ndiyo maana asilimia zinashuka huku imechomekwa. Tafuta chaja ya gari yenye nguvu na waya mzuri mfupi. Joto nalo linatokana na simu kukaa juani, na ukiibandika kwenye kioo cha mbele litazidi. Nunua holda ya kushika kwenye tundu la AC, upepo uipige kwa nyuma. Hiyo peke yake itaondoa shida.

Na usiiweke tena kwenye kiti cha abiria. Unainama kuiangalia, macho yanatoka barabarani. Kuishika mkononi ukiendesha ni kosa, lakini hata bila askari, mbuzi mmoja akikatiza unaua.

Laigwanan Mdogo

Mimi natokea huko Kiteto. Nawasikiliza na nakubali, ila kuna kitu ramani haitakuambia. Mvua zikianza, njia iliyo nzuri wiki hii wiki ijayo ni korongo. Sisi wenyewe tunahama njia. Zile alama nyingi za matairi ulizofuata, inawezekana ni za malori yaliyokwenda kupakia mahindi. Jioni kabla ya safari mpigie mwenyekiti au mfugaji mmoja umuulize, "leo mnapita wapi?" Usimuulize njia iko wapi, maana atakuelekeza ile ya siku zote.

Na ukifika, usiondoke bila kuweka alama. Boma, josho, mahali pa maji, kila kimoja. Vijiji vyetu kwenye ramani ni jina moja lililowekwa katikati, na boma unalolitaka liko kilomita nane kutoka hapo.

Karani wa Sensa

Naunga mkono kwa nguvu zote. Kwenye Organic Maps unabonyeza ulipo, unahifadhi, unaandika jina lako mwenyewe. Zile alama unaweza kuzituma kama faili kwa WhatsApp. Ukipata msaidizi, anaanza na ramani yako yote, hapotei kama ulivyopotea. Hilo skrini ya Toyota isingekupa hata ingekuwa na Tanzania nzima.

Mchanjaji wa Kati

Narudisha mrejesho wakuu. Garmin nimemrudishia rafiki yangu, ramani ilikuwa ya Ulaya kama mzee alivyosema. Redio ya Android nimeahirisha. Nimenunua holda ya kwenye tundu la AC na chaja, kile kiboksi kimechomolewa na gari sasa linawaka kimya.

Juzi nilirudi kile kile kijiji. Usiku wa kuamkia safari nilimpigia mwenyekiti, akasema njia ni ile ile, haijakatika. Baada ya Kongwa mtandao ukakata kama kawaida, ila safari hii ramani ilibaki na mistari yake yote, kidoti kinatembea juu yake. Pale kwenye mbuyu nilisimama kabisa. Mstari wa kushoto ulikuwa mwembamba, nyasi zimeota katikati, kwa macho yangu bado ningeenda kulia. Nilifuata wa kushoto. Saa moja kasoro nilikuwa bomani, ng'ombe wote ndani, barafu bado ngumu.

Nikirudi nilisimama tena pale kwenye mti nikahifadhi alama. Nimeiandika: "Mbuyu, shika kushoto." Anayefanya kazi upande huo aniandikie inbox, nitamtumia faili.