Riwaya kumi kwa buku? Waandishi wenzangu mnatuua njaa!

Wakuu, jana mwandishi mwenzetu kaweka tangazo status: "Riwaya kumi PDF, buku tu." Kumi! Yaani shilingi 100 kila moja. Andazi mtaani kwangu ni 200.

Hakujapambazuka vizuri, wasomaji wangu watatu wamenirushia lile tangazo kama ushahidi kwamba mimi ni mwizi, kwa sababu riwaya yangu ya kurasa 280 nauza elfu tatu. Mmoja kaandika, "Kaka, softikopi haina karatasi, hiyo elfu tatu ya nini?"

Ya nini? Mhariri 150,000, tena alinipunguzia kwa kuwa tulisoma wote. Jalada 40,000. Nauli za kwenda Kunduchi kukaa na wavuvi ili nisiandike uongo kuhusu bahari, pamoja na bando, 20,000. Jumla 210,000. Nikiuza jero natafuta wanunuzi 420 ndipo nirudishe hela niliyotoa mfukoni. Kwa elfu tatu natafuta 70. Na hapo miezi minane ya kuamka saa kumi alfajiri sijaihesabu hata senti! Karatasi ni habari ya mchapaji. Mimi nauza hadithi.

Na msinielekeze nikauze Amazon, lile duka la mtandaoni. Kule ukipanga dola 0.99 unapata asilimia 35 ya bei, haifiki hata buku. Ukitaka asilimia 70, bei lazima ianzie dola 2.99, zaidi ya elfu saba, na mnunuzi awe na kadi. Wasomaji wangu ni bodaboda na akina mama wa mitumba, wanalipa kwa simu. Elfu tatu niliipanga nikiwafikiria wao.

Hadi leo nimeuza nakala 41. Lakini nimeikuta riwaya hiyohiyo kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, ukurasa wenye jina langu na namba ya malipo umekatwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tunayo, na mtu anagawa jasho la mwenzake huku anashukuriwa kwa emoji za makofi!

Wewe wa kumi kwa buku, najua unasoma hapa. Mtu uliyemzoesha shilingi 100 hatakupa elfu mbili ukitoa kitabu kipya, na mimi ndiyo hatanitazama kabisa. Lifute lile tangazo leo. Kama una shida ya hela ya haraka, njoo inbox tupange bei pamoja, nitakutangazia kwa wasomaji wangu bure.