Mota inashtukashtuka, duka linajua jibu moja tu: "nunua nyingine"

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira kweli. Kuna duka hapa Dar linauza magari ya rimoti ya umeme, yale makubwa ya skeli 1/10 yenye mota za brashilesi (zisizo na brashi ndani), siyo midoli ya plastiki. Aliyewahi kuuliza bei anaijua. Nimelipa taslimu, na haikupita muda mota ikaanza kigugumizi: ukivuta triga gari linatetemeka palepale, linakwaruza, haliondoki. Ukiachia na kuvuta tena, linaruka kidogo au linarudi nyuma.

Nikalirudisha. Hakuna aliyeshika multimita, kile kipima umeme. Jibu la kwanza: "Hizi zisizo na sensa ndivyo zilivyo, bosi." Nusu ya ukweli, na inaudhi kuliko uongo mzima. Mota ikiwa haina sensa, spidi kontrola (bodi inayoipa mota umeme) inajua rota, yaani sehemu inayozunguka, iko wapi kwa kusoma volti ambayo mota yenyewe inaizalisha ikizunguka. Ikiwa imesimama hakuna cha kusoma, kontrola inabahatisha, kwa hiyo gari linaweza kusita kidogo wakati wa kuondoka. Kidogo! Ikishashika mzunguko, kunaisha. Yangu ilitetemeka hata gari likiwa limeinuliwa, magurudumu hewani, bila mzigo wowote.

Kijana wao akachomoa nyaya mbili kati ya tatu za mota, akazibadilishana, "jaribu sasa". Jamani, kwenye mota ya aina hii hilo linageuza tu upande wa kuzunguka! Halafu lawama ikahamia kwenye betri. Betri yangu ni ya lithiamu (LiPo) ya seli mbili, imejaa, inasoma volti 8.4, na nikivuta triga haishuki hata kukaribia pale kontrola inapokata moto. Mwisho wakatoa hukumu: mota imeungua, nunua nyingine. Nikanunua, kwao haohao, wakaifunga wao. Kigugumizi kilekile.

Nikaenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mtu ambaye hajawahi hata kufungua gari la namna hii. Akaweka multimita kwenye mlio (inalia waya ukiwa haujakatika), akapima kila waya kutoka kwenye bodi ya kontrola hadi kwenye ncha yake. Mbili zikalia vizuri. Wa tatu ukiuacha unalia, ukiuchezesha unanyamaza. Akakata mpira uliofunika ncha: risasi ya kulehemu imekaa juu juu, haikuwahi kuushika waya tangu kiwandani. Mota ya nyaya tatu ikikosa mmoja haiwezi kuanza kuzunguka, inabaki kutikisika. Akalehemu upya, akarudisha mota ya zamani, ile waliyosema imeungua. Gari linaondoka safi tangu hapo.

Kipimo hicho hakimalizi hata dakika tano! Duka linalouza vitu vya bei hii linashindwaje kukifanya kabla ya kumtoa mteja hela nyingine?

Nimewarudishia mota mpya na boksi lake, wananiambia "kitu cha umeme kikishafungwa hakirudi". Nani aliifunga? Kijana wao, juu ya meza yao, baada ya wao wenyewe kunihakikishia kwamba tatizo ni mota. Nataka hela ya mota hiyo, na nataka hela niliyomlipa fundi, maana ubovu ulikuja na gari kutoka dukani.

Aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii Tume ya Ushindani anielekeze pa kuanzia. Risiti ninazo zote mbili, na waya ule nimeupiga picha kabla haujalehemiwa.