Shukrani ya Krismasi nyumbani Kibosho, watu 45: naombeni hesabu ya pilau, mtori na ndafu

Kihamba_cha_Babu:
Wakuu, habari za Desemba. Mwaka huu ukoo wetu unakutania nyumbani Kibosho, huku mlimani Kilimanjaro, tarehe 25, chakula cha shukrani baada ya ibada. Watu wazima 33, watoto 12. Wamo wakwe zetu watano ambao ni Waislamu, na bibi ambaye hana meno. Mbuzi ni mmoja, kilo kama 30 akiwa hai, na vijana wameng'ang'ania awe ndafu, yaani achomwe mzima. Mchele ninunue kilo ngapi? Mbuzi huyo atatosha? Na ile sehemu ya shukrani niiweke wapi ili chakula kisipoe watu wakiwa bado wameshika kipaza sauti? Naombeni ushauri.

Jungu_Mbuyuni:
Mkuu, pakiwa na vyakula vingine, kilo moja ya mchele ni watu wanane. Watoto wawili wahesabu mtu mmoja. 33 na 6 ni 39, kwa hiyo kilo 5. Usinunue 10 kwa hofu ya aibu, nusu yake itachacha.

Kwa kilo 5: nyama ya ng'ombe kilo 3, vitunguu maji kilo moja na nusu, vitunguu saumu vichwa 5, tangawizi gramu 150, mafuta robo tatu lita. Bizari nzima vijiko 5 vya mezani, iliki 30, mdalasini vijiti 4, pilipili manga kijiko kimoja na nusu. Karafuu 15, basi. Ukiizidisha karafuu kwa hesabu ya kilo, pilau inanukia dawa ya jino.

Vitunguu vikaange hadi viwe rangi ya kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Vikiungua vinaleta uchungu usioondoka, hivyo saumu na tangawizi ziwe zimeshatwangwa, zikisubiri pembeni.

Penye kuharibika zaidi ni maji. Nyumbani mtu anapima vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, halafu anapeleka kipimo hichohicho kwenye sufuria la shughuli. Sufuria kubwa halipotezi mvuke kwa kiasi hicho, kwa hiyo wali unakuwa bokoboko. Loweka mchele nusu saa, chuja, kisha weka kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kila kikombe cha mchele mkavu uliopima mwanzo. Kwa kilo 5 ni kama lita 9. Chumvi vijiko 5 vya mezani, halafu onja ile supu kabla ya mchele kuingia: iwe imezidi chumvi kidogo, mchele utaimeza.

Ukinunua mchele wa Mabogini au Chekereni, muulize muuzaji kama ni wa mavuno mapya. Mpya hauhitaji maji mengi. Pika kikombe kimoja siku ya kuamkia, utajua.

Makaa_Polepole:
Nakazia ya juu, niongeze la ndafu.

Mbuzi wa kilo 30 ukishamchuna na kutoa matumbo unabaki na kilo 14 hivi. Moto unakula tena, na mifupa ipo. Ya kutafuna itabaki kama kilo 6, yaani gramu 150 kwa mtu. Kwa kuwa kuna nyama kwenye pilau, inatosha. Ila awe jike au dume aliyehasiwa. Beberu mzima ananuka, na limau halimsaidii.

Chinjeni jioni ya tarehe 24, si asubuhi ya sikukuu. Nyama inayoingia motoni saa mbili tatu baada ya kuchinjwa bado imekakamaa, inakuwa mpira. Mpake chumvi, limau na saumu, mtundike penye upepo wa baridi, mfunike shuka safi.

Moto: watu wanatandaza makaa sawasawa chini ya mbuzi mzima. Matokeo yake mbavu zinakauka huku paja likiwa na damu. Makaa mengi yakae pande mbili, chini ya mapaja na chini ya mabega. Katikati weka machache sana. Mbuzi awe juu ya makaa kama sentimita 60, muda ni saa nne hadi tano, mnamgeuza kila robo saa. Mkaa wa kuongezea uwashiwe pembeni kwanza. Mkaa mbichi ukimwagwa chini ya nyama unaleta moshi mchungu. Ili kujua ameiva, choma kisu hadi mfupa wa paja, na maji yatoke meupe.

Mchare_Mbichi:
Kuhusu wakwe: achinje Mwislamu, yeyote kati ya hao watano. Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kisiingie kwenye meza yao, kwa hiyo kama wazee wanakitaka, kipikwe sufuria la peke yake na upawa wake. Na kitimoto, yaani nguruwe, isikanyage jiko hilo kabisa! Najua ni Desemba, lakini hapana.

Bibi apewe mtori. Kwa watu wote hao pata kilo 5 za ndizi mchare zilizokwisha menywa na kilo 3 za mifupa ya ng'ombe. Mifupa ichemshwe tarehe 24, usisubiri ya mbuzi, yeye yuko kwenye ndafu. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu hautoki kwa sabuni. Chagua ndizi zisizoanza kuiva hata kidogo, vinginevyo mtori unakuwa mtamu kama uji wa mtoto. Ponda zikiwa za moto na ongeza supu ya moto. Ukimimina ya baridi unapata mabonge. Uuache mwepesi kuliko unavyotaka, kwa sababu unazidi kuwa mzito ukikaa.

Kihamba_cha_Babu:
Asanteni sana. Mbona huku juu nyama ya ng'ombe hukawia kulainika kuliko mjini? Na la shukrani bado.

Jungu_Mbuyuni:
Ni mwinuko. Kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo nyama ya pilau ichemshwe hadi ilainike kabisa kabla ya mchele. Usitegemee italainikia ndani ya wali.

Shukrani ina nafasi yake tayari. Maji ya pilau yakikauka unafunika, unapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, dakika 25. Hapo hakuna mtu anayetakiwa kugusa sufuria. Ndafu naye akitoka motoni anahitaji dakika 20 za kupumzika, ukimkata mapema maji yote yanaishia kwenye sinia. Shukrani ndiyo ikae hapo. Mkitaka kula saa nane, mchele uingie saa saba na dakika tano, na ndafu apande motoni saa mbili na nusu asubuhi. Wachomaji waende ibada ya kwanza.

Makaa_Polepole:
Na msimpe kila mtu kipaza sauti. Kaya ngapi? Zikiwa sita, msemaji mmoja kwa kaya, dakika mbili mbili, ni 12. Mzee dakika tano, sala ya chakula tatu. Jumla 20. Mzee awe wa mwisho, maana akianza yeye hakuna wa kumkatiza. Waliotangulia mwaka huu watajwe kwenye sala, kila kaya ilete majina yameandikwa. Mafungu ya wazee kwenye ndafu yatengwe kabla kijana hajashika kisu.

Kihamba_cha_Babu:
Kaya ni saba.

Makaa_Polepole:
Basi mzee dakika tatu. Mwambieni leo.

Mchare_Mbichi:
Kachumbari ikatwe mapema lakini chumvi iingie watu wakiwa wameshika sahani, isijae maji. Pilau itakayobaki isilale ndani ya sufuria, itandazwe kwenye sinia ipoe haraka.

Halafu mbuzi afungwe kwa waya mweusi, ule wa kufungia nondo. Ule mweupe wa fensi una zinki, usikaribie moto wa chakula.